Sisimizi

Wao ndio waliotangulia kujua, kabla ya daktari.
Uani Tandika, bafu la mabati, saruji iliyopasuka,
kila alfajiri mstari mweusi mpaka pale baba aliposimama usiku.
Mama akinipa birika: "Kawamwagie maji ya moto, Mwanamvua."
Nikamwaga. Wakarudi. Nikamwaga tena.
Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ni uchafu,
nikaona haya kwa niaba ya nyumba nzima.

Baba alikuwa fundi cherehani, baraza la tatu kutoka kona,
Mtaa wa Congo, Kariakoo.
Alikupima kwa macho: ukipita tu, kiuno chako anacho.
Siku moja alirudi, akala, akaswali, akalala,
na asubuhi mama akikunja shuka akaona damu.
Sindano ilikuwa imezama unyayoni
mpaka kwenye tundu la uzi,
naye hana habari.
Akacheka. "Mguu wangu mgumu huu."
Sisi nasi tukacheka.

Kwanza kidole gumba. Kisha viwili. Kisha Muhimbili,
na kiatu kimoja kikabaki uvunguni
ambacho hakuna aliyethubutu kukitupa.

Arobaini yake ilipopita tukakaa kugawana.
Vyumba vinne na fremu ya duka: maneno hayakuisha.
Mshamu akataka fremu, Tatu akataka hati,
mimi nikaomba cherehani.
Kumbe kipo kilichokwisha gawiwa zamani,
bila kadhi, bila shahidi,
wala si mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke.

Mwaka huu nimetimiza arobaini na moja.
Miaka kumi na mitano ofisini Posta, kiti kinanijua.
Chai ya saa nne, vitumbua viwili,
soda ya kuteremshia pilau.
Kliniki Mwananyamala nesi kanizungushia futikamba kiunoni
nikashtuka, kana kwamba ni mikono yake.
Sentimita mia na nne.
(Baba angesema: kitambaa hakitoshi, mwanangu.)
Tone la damu. Kimashine kikawaza, kikasema
sita nukta nne.
"Bado," nesi akasema, "ila umeshapiga hodi.
Kwenu nani anayo?"
Nikahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha.

Nikampigia Mshamu. Ana arobaini na sita,
anaamka mara nne usiku,
anasema ni joto la Dar, ni maji anayokunywa.
"Kapime, kaka."
"Mimi sina sukari, Mwanamvua. Sijawahi kupima."

Jana usiku, bafuni kwangu Kinyerezi, vigae vyeupe,
nikawaona.
Mstari.
Nikasimama na kanga kifuani, pumzi nimeishika.
Sikumwaga maji. Nikawafuata
nimeinama kama mtu aliyedondosha hereni.
Wakapita choo, wakapita kizingiti, wakashika ukuta,
wakapanda begi la shule la Pazi:
kipande cha kashata ndani ya daftari la hesabu.
Nikacheka peke yangu, saa nane ya usiku.
Kisha nikaacha, nikamtazama mtoto alivyolala,
mguu nje ya shuka,
kisigino cha babu yake, kilekile.

Nikafungua droo ya cherehani, nikatoa sindano.
Nikajidunga kidole gumba cha mguu, kidogo tu.
Iliuma.
Nikajidunga tena, nipate hakika,
na nikashukuru kama aliyelipwa deni.
Kisha kwa ncha ya ukucha, polepole,
nikamtekenya Pazi unyayo.

Akauvuta.