Hakimu wa Chumba cha Nyuma

Jumanne, Dundee, mvua inanyesha kimshazari,
nami nimeketi nyuma ya duka la hisani
na bunduki ya bei mkononi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hii ni yangu ya elfu tatu, na jembe ndilo hili.
Ishbel kaniachia masanduku manne ya marehemu mmoja.
«Kisichouzika, kinuni, kikasagwe.»
Mimi, niliyefeli Fasihi kidato cha nne kule Muheza,
leo ni hakimu.

La kwanza: vitabu vya michezo ya kuigiza,
ile ya kukaa mezani mkajifanya mashujaa.
Jalada gumu, joka limechubuka pua,
harufu ya chai iliyomwagika zamani.
Ukurasa wa tisa unakutaka ujizae upya kwa dadu:
Nguvu, kumi na moja. Akili, kumi na nne. Bahati, nne.
Nikacheka peke yangu.
Mbona fomu hii nilishaijaza?
Croydon, dirisha namba sita,
afisa akitikisa kitu nisichokiona chini ya meza.
Pembeni, kwa penseli, mwenye kitabu kaandika:
«Gavin kafa tena. Darajani. Hakuuliza kina cha maji.»
Hukumu hiyo sikuikatia rufaa.
Pauni tatu.

La pili: katuni, zimefungwa uzi kama mchicha wa sokoni.
Hadithi siielewi, nimeanzia toleo la arobaini,
na wino mwekundu umevuja hadi shavuni mwa mtu mwema.
Lakini vile viputo!
Kila asemaye, pumzi yake huwa wingu,
na wingu hujaa herufi.
Baridi yangu ya kwanza, kituo cha basi,
mama mmoja aliniuliza kama la ishirini na mbili limeshapita.
Wingu likanitoka kinywani, jeupe, la duara,
tupu.
Likaning'inia baina yetu,
naye akalingoja kwa adabu.
Pauni moja kwa fungu. Zilizochanika nimezigundisha.

La tatu: miongozo ya kuishi ugenini.
Mmoja ni wa wao kuja kwetu:
chemsha maji, gawa bei kwa mbili,
na sura nzima ya namna ya kumwachisha mpishi kazi bila kumuudhi.
Mpishi huyo namjua. Shangazi Mwanakheri
hakuachishwa; aliacha mwenyewe,
akaondoka na sufuria.
Kinuni.

Mwingine ni wa sisi kuja kwao.
Una picha ya mwavuli. Upepo wa mto Tay
uliuvunja wa kwangu kabla sijamaliza deni lake.
Hausemi kwamba «karibu siku moja» si siku, ni kwaheri.
Hausemi kwamba utazika watu kwa simu,
umesimama stoo, unanong'ona wateja wasisikie.
Mapipa ya taka umeyaeleza vizuri, nakiri,
ila rangi zake zimeshabadilishwa.
Peni hamsini.

Kisha nikarudi kwa joka, sijui kwa nini.
Kuna ukurasa wa anayeongoza mchezo:
usimwambie mchezaji la kufanya.
Mweleze chumba. Mlango uko wapi,
taa inawaka upande gani,
nani kaketi na mgongo ukutani.
Halafu muulize: «Unafanya nini?»
Halafu unyamaze.

Miaka minane watu wamenipa majibu,
wengine kwa huruma kabisa,
na hakuna aliyenieleza chumba.
Nikabandua ile pauni tatu. Sikujua niweke ngapi.

La nne halikuwa na vitabu. Soksi, miwani,
koti, na mfukoni mwa koti dadu la pande ishirini,
kona zimelika kama sabuni.
Ishbel kaingia na chai. «Rusha,» akasema.
Likadunda mezani, likabingirika chini ya rafu.
Akapiga magoti upande ule, mimi upande huu,
mashavu yetu sakafuni.

«Unaona nini huko?» nikamuuliza.
Akaanza kunieleza.