Vitambaa Ishirini na Vitatu

Vumbi la Tororo lina rangi mbili:
jekundu, la barabara,
na la kijivu, la kiwanda cha saruji,
linaloshuka bila kupiga hodi.
Haba na haba hujaza kibaba.
Methali hiyo vumbi linaijua kuliko mimi.

Miaka sita nilipigana nalo kijinga.
Nilifagia sakafu kwanza, nikapangusa kabati baadaye,
kisha nikafagia tena, nikinung'unika
nani kanirudishia uchafu wangu.
Nilifuata kitambaa jikoni, nikarudi,
nikafuata sabuni, nikarudi, nikafuata ndoo.
Hatua zangu za Jumamosi moja
zingenifikisha Malaba na kunirudisha.

Hata mgongo ukanena.
Ulinena saa nne asubuhi, nimeinama uvunguni,
nikashindwa kuinuka,
mpaka Obbo, mwanangu wa darasa la pili,
akaniletea kiti kama anayemkaribisha mgeni.
Kabla hajaja, pale chini,
uso kwa uso na kandambili iliyopotea tangu Pasaka,
nilipata muda wa kufikiri.

Utando wa buibui kwanza, sakafu mwisho.
Vumbi huanguka chini, halijawahi kuanguka juu.
Ndoo moja inatembea nami na kila kitu kimo ndani.
Viatu hulala nje.
Gunia bichi mlangoni
hula nusu ya barabara kabla haijaingia sebuleni.
Sufuria ya posho nailowesha ingali moto;
ukoko ukibembelezwa huachia wenyewe,
na mimi nilikuwa naupiga kwa waya kama mwizi.
Chai ikichelewa kuchemka, nasafisha dirisha moja.
Moja tu. Lingine lina kesho yake.

Lakini vumbi halikuwa adui mkubwa.
Vilikuwa vitambaa.
Vya kufuma, vyeupe, ishirini na vitatu:
mgongoni mwa kila kochi, mikononi mwa kila kochi,
juu ya redio, juu ya chupa ya chai,
na kimoja, Mungu anisamehe,
kilichofunika kitambaa kingine kisichafuke.
Kuvifua, kuvitia wanga wa muhogo,
kuvuta kila pembe isimame,
pasi ya makaa, jivu likidondoka, kuanza upya.
Alivifuma mama mkwe, Nyaketcho,
akanipa siku ya harusi, vimefungwa kwa leso.

Nilivitia sandukuni pamoja na nafthalini.
Nilifunga kufuli kama niliyezika mtu.

Akaja, bila taarifa, kutoka Nagongera,
jogoo kwapani.
Akaketi. Macho yake yakatembea
kochi hadi kochi, yakafika kwenye redio,
yakarudi polepole kwangu.
"Viko wapi?"
"Sandukuni, mama."
"Vyote?"
Jogoo akawika uani. Sikumjibu hata mmoja wao.

Akapuliza chai, akanywa, akaweka kikombe.
"Nilivifuma mwaka aliougua baba yao.
Usiku wodini mrefu, mikono haina la kushika.
Havikuwa vya makochi, mwanangu.
Vilikuwa vya mikono."
Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa:
"Na kuvifua! Unadhani niligawa kwa nini?
Kwangu hakijabaki hata kimoja."

Akadai ufunguo, akachagua kile kidogo,
cha pembe iliyoungua pasi,
akaufunika mtungi wa maji ya kunywa.
"Hiki kitakuwa na kazi," akasema. "Wengine walale."

Sasa Jumamosi, ikigonga saa tano, nimemaliza.
Saa mbili nzima, zangu.
Mara ya kwanza sikujua niziweke wapi,
nikataka kuinuka nitafute doa.
Mama mkwe akanishika mkono bila kuniangalia.
Tukabaki tumeketi, sisi wawili,
na ile ya kijivu ikashuka, chembe kwa chembe,
juu ya makochi yaliyo uchi,
tukaiona,
tukaiacha.