Meza Namba Kumi na Saba

Bwana Colm ametoka Ireland na sanduku la chupa
kuja kutufundisha sisi, wasokotaji wa Estelí,
ni kinywaji gani kinaoana na biri zetu.
Miaka ishirini na miwili nasokota.
Sijawahi kuulizwa biri inaolewa na nani.

Ametuketisha ghalani, penye mabenchi ya kuchambulia majani,
bilauri tano kwa kila mtu, ndogo kama za dawa ya kikohozi.
Ya kwanza ramu ya hapahapa; hiyo haikuhitaji mkalimani.
Ya pili mvinyo wa Ureno, mwekundu, mzito, wa kikanisa kidogo.
Ya tatu wiski ya mahindi. Mahindi! Doña Tomasa akacheka:
sisi tunayala, tunayakoroga na kakao asubuhi,
hatukujua ukiyafungia pipani yanashika adabu.
Ya nne ilikuja na moshi wake ndani.
"Hii," nikamnong'oneza Yahoska, "imevuta kabla yangu."
Ya tano kahawa ya Jinotega, imepoa.

"Vuteni taratibu, msimeze moshi. Mnapata nini?"
Yeye, akasema, anapata ngozi ya tandiko,
pilipili manga, ganda la chungwa lililokauka.
Wenzangu wakaitikia ngozi, ngozi,
kama watoto wa darasa la kwanza.

Mimi nilipata kingine.
Biri ilipofika katikati moshi ulisita,
ukajikaza kidogo, kama mtu wa goti bovu akipanda ngazi,
kisha ukaachia.
Nikaitoa mdomoni, nikaitazama.

Huyu ni Eliseo.

Dole gumba lake la kulia lina pingili moja.
Ya pili aliiacha kwenye kinu cha mpunga, Sébaco, akiwa kijana,
na kila biri aliyoikunja ina fundo dogo palepale.
Msimamizi hakuligundua.
Mashine ya kupima pumzi haikuligundua.
Nililijua mimi, maana yeye ndiye aliyekunja moyo wa biri
na mimi ndiye niliyeuvika jani la nje,
kiwiko kwa kiwiko, miaka kumi na tisa,
hata wakatuita chanda na pete.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, akavuka barabara
kwenda kiwanda cha ng'ambo,
kwa nyongeza ya kordoba mia mbili kwa wiki.
Hakuniaga. Aliacha kisu changu juu ya meza, amekinoa.
Nikakirudisha butu kwa kukatia kamba za marobota.

Na biri hizi zimelala chumba cha mwerezi miaka mitatu.
Humu ndani tulikuwa bado hatujanuniana.

Nikamwagia ile yenye moshi: wakapigana.
Ramu ikamfunika asionekane.
Mvinyo ukampamba kama maiti.
Kahawa ikanikumbusha zamu ya usiku, nikaiweka kando.
Ile ya mahindi tu ndiyo iliyofika penye fundo
ikasimama, ikamngoja.

Bwana Colm akapita na daftari lake.
"Na wewe, mama, umepata nini?"
Nikasema: ngozi.
Akaandika.

Saa kumi na moja na nusu tukafunguliwa geti.
Nikatoka na kipande kingali kinawaka
na bilauri ya tatu nimeifunika kwa kiganja, chini ya aproni.
Alikuwa ng'ambo, kofia ileile, akingoja basi la Condega.
Pikipiki tatu zikapita, lori la maziwa likapita.
Nikavuka.
Habari za jioni sikumpa. Nilimpa biri.

Akavuta. Akanywa kidogo, akavuta tena,
na pale moshi uliposita nikaona shavu lake linashtuka.
Akakigeuza kipande kwenye mwanga wa duka la simu,
akakisogeza karibu na jicho, akaupitisha ukucha kwenye mshono,
yeye na kidole chake kile cha nusu.

"Nubia," akasema, "jani ulilikaza mno."