Ripoti ya Jaribio, Newala

Betri mbili za redio ya baba,
waya wa shaba, balbu ya tochi, swichi ya bati.
Somoe Nangomwa aliunga ncha kwa ncha
kama ilivyochorwa ubaoni. Akabonyeza.
Balbu ikamtazama tu.

Mwalimu Chilumba hakugusa kitu.
"Mkondo hauruki pengo," alisema.
"Fuata njia yake. Toka chanya, rudi hasi.
Utakapokwama wewe, ndipo nao ulipokwama."

Akafuata kwa kidole. Shaba, swichi, shaba,
kitako cha balbu,
mpaka kidole chenyewe akakiona:
cheusi, kimebabuka, bado kinanata.
Jana usiku kilibangua korosho na shangazi,
mafuta ya ganda yakagandia ngozini,
na kila waya alioushika
ameuvalisha koti.

Wembe. Akakwangua hadi shaba ikang'aa.
Akabonyeza tena.
Darasa zima: aah!
Nje, ukungu wa Newala haukujua lolote.

Kwenye ripoti, chini ya "Vyanzo vya makosa",
aliandika: mikono yangu.
Mwalimu akayakata kwa wino mwekundu,
juu yake akaandika: ukinzani.

Somoe hakufuta hata neno.
Jioni alirudi kubangua.