Mapumziko ya Nne

Ulaanbaatar, mwezi wa pili,
moshi wa makaa umeshuka hadi madirishani,
na mimi nimesaini.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kunihusu:
Kocha anathibitisha kuwa mchezaji yu mzima.
Nikaandika Gantumur, kwa mwandiko mzuri,
kama mtu anayelipa deni kwa pesa ya mwenzake.

Tuvshin ana miaka kumi na tisa.
Wiki mbili alikuwa akikohoa ndani ya kiwiko
halafu anakitazama kiwiko.
Daktari alisema pafu la kushoto limenywea
kama puto la sikukuu iliyopita.
Akasema: kitanda. Akasema: leo.
Tuvshin akasema: Jumatatu.
Fainali ilikuwa Jumapili.
Nami niliitazama saa yangu.

Sikumlazimisha.
Ndivyo nilivyowaambia wote, na ni kweli,
na ukweli huo hauna miguu, haunifikishi popote.
Mtoto akililia wembe, mpe:
mimi niliunoa kwanza.

Mama yake alipiga simu kutoka Nalaikh,
mji wa machimbo, ambako mumewe
alikohoa miaka tisa kabla ya kuacha kukohoa.
Aliuliza kitu kimoja: amekula?
Nikasema amekula.
Alikuwa amekula vijiko vitatu vya mchuzi wa kondoo.

Ukumbini, masikioni mwangu, sauti yake:
wawili – kushoto – mmoja –
Nikasifu jinsi anavyofupisha maneno.
Kumbe alikuwa anabana matumizi.

Kila timu hupewa mapumziko manne, sekunde thelathini.
Ya kwanza, nilibadilisha mpango.
Ya pili, nilifoka.
Ya tatu, nilisema tunaongoza, kazeni,
huku yeye ameshika ubavu
kama mtu aliyeficha mkate ndani ya shati.
Pumzi, pumua, pumzika: maneno ya tumbo moja,
na mimi nilikuwa nayo mkononi, nikayatumia kama chenji.

Kumi na mbili kwa kumi na moja.
Kwa mara ya kwanza siku ile nikaacha skrini,
nikamtazama shingo.
Kile kishimo juu ya mtulinga
kilikuwa kinaingia ndani, kinaingia,
na kilichoingia hakikuonekana kutoka.

Nikaomba ya nne.
Nikamvua vipokea sauti kwa mikono yangu.
Akaukamata waya. Tukavutana,
kocha na mchezaji wake, mbele ya watu elfu nne.
"Pointi moja," alisema, midomo rangi ya zabibu.
"Najua."
"Basi ondoka."
Mwamuzi akaja mbio. Nikamwambia:
ile fomu ni ya uongo, na mwandiko ni wangu.

Davaasambuu wa akiba akaketi
kwenye kiti chenye joto la mwingine. Kipanya kilimteleza.
Tukashindwa. Hilo halina hadithi.

Hospitali namba tatu. Mrija ubavuni,
chupa sakafuni inatoa mapovu,
na vidole vyake vya kushoto bado vinatembea
juu ya blanketi: mbele, mbele, kando, ruka.
"Uliniibia," aliuambia ukuta.
Nikasema ndiyo.
Nilichelewa kuiba, nikasema,
lakini hilo nililisema kwenye ngazi, peke yangu.

Mwezi wa tano barafu ya mto ilipoondoka
alinitumia ujumbe wa sauti. Sekunde kumi na moja.
Hakuna neno: anavuta, anatoa,
anavuta tena, ndefu zaidi,
na mbali huko mbwa anabweka.
Nimeusikiliza mara nne.
Sijui kama ni msamaha
au ananionyesha tu
kitu nilichotaka kukitumia.