Upawa wa Mkono wa Kushoto

Alikuja na masanduku matatu ya ndizi,
ya kadibodi, yenye matundu ya kushikia,
Mzee Diederik van Heukelom, miaka themanini na minne,
koti limelowa mvua ya Deventer,
fomu ya zawadi ameshaijaza nyumbani
kwa mwandiko wa shule za zamani.

"Vya mama," alisema. "Vyote vya mama.
Wanangu hawana nafasi."

Kazi yangu mimi ni kuandika kadi.
Navaa glavu za buluu, navipa vitu majina,
napima urefu, upana, ufa.
Pasi ya makaa, jogoo wa shaba juu ya kifuniko.
Kipepeo cha mwanzi, ukingo umeungua.
Kikunio cha nazi: si mbuzi ya kukalia,
ni ubao tu wenye meno ya waya,
na katikati meno yamelala
kama nyasi palipozoea kupita mtu.
Kisha upawa. Kifuu, mpini wa mti, kamba.

Kadi inauliza, nami najaza.
Mahali: Semarang, nyumba ya msimamizi wa kiwanda cha sukari.
Kipindi: kabla ya vita.
Mmiliki: Bi. Cornelia van Heukelom.
Mtengenezaji: hajulikani.
Mtumiaji:
na hapo mkono ulisita, maana mazoea
ni kurudia jina la mmiliki na kwenda kunywa chai.

Lakini upawa ulikuwa umelika upande mmoja.
Niliushika kwa kulia, ukanikataa,
ukingo uliolika ukatazama juu, hewani.
Nikaushika kwa kushoto.
Ukatulia. Ukaegemeza shavu lake
kwenye sufuria ambayo haikuwepo.

"Mama yako alikuwa mashoto?"

Mzee akacheka. "Mama?
Mama hakukoroga hata uji.
Mama alipiga kengele."
Na kengele ilikuwamo, sanduku la pili,
inang'aa, haina mkwaruzo.

Kisha akanyamaza. Mvua ikaendelea na yake.
Akanyoosha mkono wa kushoto, polepole,
akauzungusha mara moja, mara mbili,
kama anayekoroga kitu kizito kisishike chini.
"Tumi," akasema.
Halafu: "Alikuwa akiniwekea ukoko."

Ukoko! Mwili mzima wa mzee yule
ukarudi jikoni kwa mlango wa nyuma,
midomo ikitafuna kitu.
Nikamwuliza jina kamili. Hakujua.
Tumirah, Tuminah, pengine Tumiyem;
yeye alikuwa na miaka saba,
na nyumbani kwao nani aliyemwuliza mpishi jina la baba yake?
Alikuwa na watoto? Hakujua.
Vita vilipofika, alikwenda wapi?
Akaitazama kofia yake, akaigeuza,
kana kwamba jibu limeshonwa ndani ya bitana.

Mlaji husifu meza. Meko hayana msifu.

Tulipoagana alinipa mkono, wa kulia,
akasahau mwavuli,
akarudi, akauchukua, akasimama kidogo
mbele ya upawa, hakuugusa.
"Niliutumia kama meli," akasema, "kwenye beseni.
Alinifokea."
Akaondoka akitabasamu, au akilia; miwani ilikuwa na ukungu.

Ghalani kwetu wino ni marufuku.
Wino huvuja, hula karatasi.
Tunaandika kwa penseli, kitu cha kufutika,
nami nikaikandamiza hata karatasi ikapata bonde:
Mtumiaji: Tumi. Mashoto.
Aliweka ukoko. Alifoka palipohitaji kufokwa.

Jioni msimamizi wangu, Wijnanda, akapitia kadi.
Akafika kwenye mstari ule, akavua miwani.
"Haya ya ukoko, ushahidi wake uko wapi?"

Sikubishana.
Nikampa glavu, kisha nikampa upawa.
Akaupokea kwa kulia.

Nikangoja.