Kasha la Makaa, Saiq

Ukungu wa Saiq hauna adabu,
huingia maguniani bila hodi,
na asubuhi seredani inatoa moshi tu,
moto hakuna.
Mama anakohoa, anakoroga kwa koleo:
"Haya si makaa, ni matope meusi."

Basi nikashuka Nizwa na pikapu,
nikarudi na mbao za chaga za sokoni
zinazonuka vitunguu,
mabati mawili ya zizi la mbuzi wa Humaid,
bawaba za friji iliyokufa,
na misumari niliyoinyoosha mwenyewe juu ya jiwe.

Nilipima kwa shibiri, futikamba ilipotelea bondeni:
upana shibiri sita, kimo mpaka kifuani pangu.
Miguu juu ya matofali, unyevu usipande.
Sakafu nikailaza mteremko,
makaa yajishukie yenyewe hadi mlangoni,
na mlango nikauweka usawa wa kiuno,
kiuno chake, si changu.
Goti lake la kushoto limekataa kuinama.

"Kubwa mno," akasema, kanga juu ya sweta.
"Wete tulikuwa na pakacha moja,
na makaa yake ya kupikia, si ya kuota.
Nani ataunguza yote haya?"
Sikumjibu.
Nikaugonga tena msumari uliokwisha kuingia.

Mlango wa kwanza ulikuwa mdogo.
Bonge la mgunga likakwama kooni,
gunia zima nyuma yake likagoma.
Mama akacheka mpaka akakaa chini, goti na lote.
Nikakata upya. Msumeno ukanichubua,
damu na masizi visijuane.

Kabla ya magharibi tukamimina magunia matatu.
Vumbi likatutia wanja sote wawili.
Mama akaegemeza sikio kwenye bati la baridi,
akanyamaza,
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
"Yanashuka," akasema.

Kisha akaokota kipande kilichodondoka,
akafunua kifuniko, akachora upande wa ndani
mstari, mstari, mstari,
kila gunia na wake.
Akasita.
Akachora wa nne.

"Hilo la mwakani," akasema,
akanipa kile kipande nikirudishe ndani,
akaenda kunawa.